Sindano Tatu na Pua ya Mama

Katika nyumba yetu sindano ya kabureta haikuchaguliwa kwa kitabu wala kwa kipimo. Ilichaguliwa kwa pua ya mama yangu. Mafundi wa mtaa wa Mlandege walionisikia nikisema hivyo bila kutabasamu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi si mtu wa kuvumilia kuchekwa, tukakosana. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa miaka zaidi ya thelathini, na pua ile haikukosea hata mara moja, mpaka siku ya safari ya Bwejuu, upande wa pili wa kisiwa.

Baba alikuwa na gari ndogo ya Kiingereza, kongwe kuliko mimi, yenye mgongo wa mviringo na milango miwili. Angeiacha kama ilivyotoka kiwandani tungeishi kwa amani. Hakuiacha. Alichonga silinda akatia pistoni kubwa zaidi, akabadilisha valvu, akapachika kabureta ya gari nyingine yenye injini nzito. Gari ikapata nguvu za kupanda kilima cha Kidichi bila kushusha gia, na baba akapata tatizo ambalo hakuna kitabu cha kulitatua. Injini kama ile haikuwapo popote duniani ila kwetu, kwa hiyo hakuna aliyejua inataka sindano gani.

Kwa asiyejua, ndani ya kabureta ya aina ile mna sindano nyembamba ya shaba, urefu wake kama kidole, iliyozama katika tundu linalopitisha petroli. Ukikanyaga mafuta, sindano inapanda. Na kwa kuwa imechongoka kuelekea nchani, kadiri inavyopanda ndivyo petroli inavyopata nafasi ya kupita. Ukiziweka sindano mbili mkononi huoni tofauti, maana tofauti yao haifiki hata unywele. Lakini ukitia iliyo nyembamba mno, injini inalewa petroli na kutoa moshi mweusi. Ukitia iliyo nene mno, petroli inakuwa chache na hewa nyingi, moto wa ndani unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni inayeyuka ikatoboka. Pistoni za kipimo chake baba aliagiza seti moja tu, na aliyemuuzia alishafunga duka. Ikitoboka moja, gari imekwisha.

Hapo ndipo mama alipoingia. Mama ni mpishi wa udi. Anachemsha sukari mpaka iwe shira, anatia vijiti vya udi, sandali, mawardi na vingine ambavyo hata mimi mwanawe hajanitajia. Hakuna arusi ya mtaani kwetu ambayo chetezo chake hakikuwekwa udi wa mama. Sufuria yake aliijua kwa pua kabla ya macho, hata akiwa chumba cha pili akizungumza na wageni.

Basi baba akamwekea kigoda nyuma ya gari, injini ikinguruma. Mama akishusha mtandio puani, akinusa mara moja, kidogo, akigeuza uso pembeni, kisha akinusa tena. Hukumu aliitoa kwa maneno ya jikoni kwake. "Bado mbichi," maana yake petroli imezidi. "Umeungua," maana yake hewa imezidi. Na siku sindano ilipokuwa ndiyo yenyewe, alisema, "Umeiva," akainuka akaenda zake. Baba hakubishana naye. Alikuwa akipanda Kidichi kwa kasi, akizima injini huko huko juu, akifungua plagi kutazama rangi yake, na kila mara alirudi anacheka. Plagi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama inavyotakiwa.

"Pua ya mama yako," aliniambia, "haitaki betri."

Baba alipofariki, gari ilikaa miaka sita chini ya turubai kwenye banda nyuma ya duka moja Mlandege. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta iliganda ikawa gundi, na sindano ikaliwa na kutu ya kijani mpaka herufi zake zikafutika. Mimi nina kazi ya ofisini na ufundi wangu ni wa siku za mapumziko. Sikuwa na haraka nayo.

Mama ndiye aliyekuja kuwa na haraka. Mwaka juzi, baada ya homa iliyotulaza nyumba nzima, alianza kunisakama. Nikiweka tonge mdomoni, anauliza.

"Gari ya baba yako utaiwasha lini?"

"Nshakwambia mama, nikipata nafasi."

"Nnataka unipeleke Bwejuu kwa mdogo wangu. Kwa gari ile."

"Yupo jirani ana gari nzuri, tena ina kiyoyozi. Nitamwomba."

"Sikukwambia nnaona joto. Nimekwambia gari ile."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kisha mwenye duka akanambia kwamba mama, akitoka sokoni Darajani na kikapu chake cha samaki, hupita bandani, hufunua turubai, huingia garini na kukaa peke yake, vioo vimefungwa, robo saa nzima. Nikasema moyoni, anamlilia mumewe, mwache. Nikaona haya kuwa nimemngojesha namna ile, nikaanza kazi.

Nilifanya kazi kwelikweli. Nilifungua injini, nikasafisha, nikaunga waya. Nikaipeleka gari kwa fundi wa viti. Viti vilikuwa havitazamiki, kitambaa kimejaa mafuta ya spana na jasho la baba, sponji imetafunwa na panya. Fundi alitoa kila kitu akaweka sponji mpya na reksini nyekundu inayong'aa kama ngozi. Mama alipoletwa kuona, alipapasa kiti cha dereva kwa kiganja, akauliza, "Kitambaa cha zamani kiko wapi?" Nikamwambia kishatupwa jaani. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Siku ile nilijiona mwana mwema sana.

Nikaagiza sindano kutoka ng'ambo. Kwa kukisia nikaagiza tatu, nene, ya kati na nyembamba. Zilipofika nikaanza na ile nene, nikawasha, nikamwekea mama kigoda pale pale alipokuwa akiwekewa na baba. Akashusha mtandio. Akanusa mara moja, akageuza uso, akanusa tena.

"Umeiva," alisema.

Sindano ya kwanza! Nilifurahi mpaka nikapiga boneti kofi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mwezi mzima wa kufungua na kufunga, na kumbe bahati imenijia kwa siku moja. Sikupanda Kidichi. Sikufungua hata plagi moja. Fundi mwingine yeyote angefungua, lakini fundi mwingine hakulelewa na yule mama. Kwenda kumhakiki baada ya kusema umeiva, kwangu mimi ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kuonja tena chumvi ya mpishi mbele yake. Ndilo kosa nililofanya, na hata leo sioni ningelikwepaje.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alikaa mbele pamoja nami, mkebe wa udi aliompikia mdogo wake mapajani. Tunguu tulipita vizuri. Msitu wa Jozani tulipita vizuri, kwa mwendo wa pole, maana kima wa pale hukatiza barabara wanavyotaka. Baada ya msitu barabara ikanyooka kuelekea Paje, na mimi, kwa kiburi cha gari mpya mikononi mwa mtu asiye kijana, nikakanyaga mafuta.

Injini ikaanza kugonga. Ulikuwa mlio mkavu, kama njugu mawe zinazorushwa ndani ya sufuria tupu. Mimi pua yangu ni ya kupumulia tu, lakini hata mimi nilisikia harufu kali ya chuma kilichopata moto, imetujaa humo ndani.

"Mama, husikii?"

"Twende tu, inachangamka."

Nikaondoa mguu, nikasogea kando, nikazima. Nilingoja ipoe kidogo, nikafungua plagi. Ya kwanza nyeupe kama chokaa. Ya pili nyeupe. Ya tatu ilikuwa nyeupe, na juu yake zimeng'ang'ania chembe ndogo zinazomeremeta. Nilizitazama kwa muda kabla ya kuzitambua. Zilikuwa chembe za pistoni. Injini ya baba ilikuwa imeanza kuyeyuka, na lau ningekanyaga hadi Paje isingefika.

Nikabaki nimeduwaa na ile plagi mkononi. Si kwa sababu ya pistoni, ingawa hiyo nayo iliniuma. Ni kwamba mama amekosea. Kama ningeambiwa bahari ya Forodhani imekauka ningeshangaa kidogo zaidi, si sana.

"Ulisema umeiva," nilimwambia kupitia dirishani.

"Nlisema."

"Umeungua, mama! Umeungua hasa. Ulinusa kweli?"

"Nlinusa, mwanangu, na wewe ulikuwepo." Alikuwa anautazama mkebe wake.

Mimi nina hasira za karibu, kila anijuaye anajua. Nikachukua bisibisi mkobani, nilimozitia pia zile sindano mbili zilizobaki, nikafungua kabureta, nikaitoa ile sindano nene, nikatia nyembamba, iliyo nyembamba kuliko zote. Nilijua itazidisha petroli. Nadhani nilikuwa tayari nina shaka, ila sikuwa na ujasiri wa kuitamka hata kwa nafsi yangu. Nikawasha. Moshi mweusi ukatoka nyuma, macho yakanichonyota, koo likanikereketa. Mtu angeweza kukaa shambani mwake hatua mia kutoka pale akajua kuna gari inalewa petroli.

"Njoo unuse, mama."

Akateremka taratibu. Kigoda hatukuwa nacho, akainama, mkono mmoja juu ya buti la gari. Akashusha mtandio, akanusa, akageuza uso. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo bandani sikuliona, kwa kuwa bandani nilikuwa nimesimama mbele nimeshika waya wa mafuta. Mama alipogeuza uso alikuwa hakwepi moshi. Alikuwa ananitazama mimi. Alinitazama usoni haraka, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake. Mimi nimekunja uso kwa hasira.

"Bado…" alianza, akanitazama tena. Nikalegeza uso makusudi. Nikatabasamu.

"Umeiva," alisema mama yangu, machozi yanamtoka kwa ule moshi.

Nilizima injini. Kisha nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa peke yangu natamani kujifunika shuka. Nilimwambia afumbe macho, mama yangu mzazi, mtu wa miaka sabini na ushei, kando ya barabara. Akafumba, hakuuliza kwa nini. Nikachukua tambara nililofutia kabureta, linachuruzika petroli, nikalisogeza chini ya pua yake, nafasi ya kidole kimoja tu. Nikangoja. Alivuta pumzi, akavuta tena. Akasimama vile vile amefumba macho, mtiifu.

"Haya," alisema, "ilete basi."

Tambara likanianguka mkononi. Alipofumbua macho akaliona chini, kati ya viatu vyake na vyangu, akaelewa.

"Astaghfirullah," nilisema. "Tokea lini?"

"Tokea homa."

"Miaka miwili? Na udi? Watu wanasema udi wako ni ule ule!"

"Mkono unajua kipimo chake. Na mnunuzi nnamtazama uso anaponusa. Uso wa mtu haufichi, mwanangu. Akikunja, naongeza sandali."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu aliumbuliwa na kabureta. Nilikaa juu ya ukingo wa barabara. Miaka miwili nimekula naye sahani moja. Nikakumbuka mara mbili alizounguza wali, na jinsi nilivyomtania kwamba anapendana na mtu. Nikakumbuka mtungi wa gesi uliovuja tukamkuta amekaa jikoni anachambua mchele, nikamgombeza kwa uzembe. Aliniacha nimgombeze.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini? Mpika udi asiyenusa, nani atampa chetezo cha arusi ya mwanawe? Na wewe umeshughulika na hii gari, una furaha. Ukaniwekea kigoda. Ningesema nini mbele ya kile kigoda?"

"Mama, ni wewe uliyeng'ang'ania gari iwake!"

Hapo alifunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena.

"Nlidhani ikiwaka itarudi," alisema. "Nguo zake zote nshazinusa, kanzu, koti, mpaka ile kofia. Kimya. Nikakaa ndani ya gari, kimya. Nikasema labda imelala tu, labda ikiwaka, petroli ile na moshi ule, na vile yeye alivyokuwa akirudi anukia udi wangu na mafuta ya gari pamoja… labda pua itashituka."

Niliutazama ule moshi unaomalizikia juu ya vichaka. Nilikuwa nimefikiri nazijua huzuni zote za nyumba yetu.

Ikabaki sindano ya kati. Niliitia polepole safari hii, nikahakikisha bega lake limelingana na kitako cha kile kipande kinachoishika ndani ya kabureta, kama baba alivyonifundisha. Nikawasha. Mama akanambia nikainame mimi nyuma.

"Usivute kwa pupa. Kidogo. Geuza uso. Vuta tena. Haya, nambie. Macho?"

"Hayachonyoti."

"Koo?"

"Kavu kidogo. Kama… sijui, mama. Kama pasi ya mkaa juu ya nguo."

"Kuna utamu mwishoni? Baada ya ule ukavu?"

Nikanusa tena. Wallahi ulikuwapo, mdogo, sikuwahi kuusikia maishani mwangu. "Upo," nilisema.

"Basi umeiva," alisema, na safari hii hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama mbele, barabarani.

Nilikwenda kilomita tatu kwa kasi, nikazima, nikafungua plagi. Rangi ya chai ya maziwa. Nilimwonyesha, akaitikia kwa kichwa.

Tukaingia Bwejuu adhuhuri. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba ya mama mdogo, pembeni mwa ua wa makuti, nikatoka ili nimfungulie mama. Lakini hakuteremka. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiti changu, kiti cha dereva, anaipapasa ile reksini nyekundu.

"Kitambaa ulibadilisha, najua," alisema. "Lakini sponji ya ndani ni ile ile yake?"

Sponji ya ndani ilichomwa moto na fundi mbele yangu, na mimi nikamshukuru kwa usafi wake.

"Ile ile," nilisema.

"Hebu nusa. Weye sasa unajua kunusa. Bado imo?"

Nikaingiza kichwa ndani, nikainama mpaka pua ikagusa kiti. Nikavuta kidogo, nikageuza uso, nikavuta tena, kama nilivyofundishwa. Harufu ya gundi. Harufu ya reksini iliyopigwa na jua, na ya jasho langu mwenyewe. Nilivuta mara ya tatu. Hapakuwa na kitu kingine.

Nikainua kichwa. Mama alikuwa ananingoja, mkebe mapajani, na uso wake niliuona wote.

"Imo, mama," nilisema.

Alinitazama usoni. Alinitazama kwa muda, bila haraka, kama anavyowatazama wanunuzi wake.

"Haya," alisema. "Nishike mkono, niteremke."